Mkaja, Mbeleko na Njia ya Forodhani



Wiki mbili nyuma alikuja dukani kwetu binti mmoja na mama yake kupima nguo ya nikaha. Sisi tunapima mabega, mama yuko kwenye simu na shangazi mtu, wanahesabu mambo ya posa: mahari kiasi gani, kilemba cha baba kiasi gani, mkaja na mbeleko za mama kiasi gani. Binti akatuinamia akatuuliza kwa sauti ndogo, "Dada, hivi mkaja na mbeleko ndiyo nini? Mbona vinatajwa kama nguo na vinalipwa pesa?"

Tulicheka, kisha tukanyamaza. Maana na sisi siku tuliyoolewa tulivisikia vikitajwa na hatukujua ni vitu gani. Tulivijua tulipozaa.

Mkaja ni kitambaa kirefu anachofungwa mzazi tumboni baada ya kujifungua, kikazwe barabara, tumbo lirudi na mgongo upate nguvu. Mbeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni, kumweleka. Mwanamme anapoposa, hupeleka kwa mama wa binti kitu kidogo chenye majina hayo mawili, kama kumwambia: ulijifunga tumbo kwa ajili ya huyu, ukambeba mgongoni, tunajua. Kilemba ni cha baba. Mahari ni ya binti mwenyewe, hayo hayana mjadala, wala mzazi yeyote hana fungu humo. Lakini mkaja na mbeleko ni ada, ni desturi yetu ya pwani, na ndani ya maneno hayo mawili imo historia nzima ya mwanamke aliyezaa: siku za kukaa ndani, kisha siku ya kutoka. Leo tunataka kuizungumza hiyo siku ya kutoka, hasa kutoka mjini, mama na mtoto wake. Mwaka jana jambo hili lilitugombanisha na mkwe wetu, na tangu hapo tumekuwa tukiuliza na kusoma.

Kisa chenyewe ni hiki. Tulijifungua mtoto wetu wa pili tukiwa na nguo ya bibi harusi mezani. Tulishapokea pesa ya mwanzo na tarehe ilikuwa haisogei. Mtoto alitangulia wiki mbili. Siku ya thelathini na tatu tukamfunga mtoto vizuri, tukapanda bajaji, tukaenda mjini kununua lasi iliyopungua na kuipeleka nguo wenyewe. Saa mbili tu. Tuliporudi mkwe wetu yuko kibarazani, hakuitika salamu. Siku tatu alikuwa akituletea uji wa pilipili manga kama kawaida, anauweka, anatoka. Siku ya nne akasema, "Arobaini haijatimia umeshamtoa mtoto kwenye vumbi na macho ya watu. Na wewe mwenyewe mgongo bado mbichi." Hatukumjibu. Lakini moyoni tulisema: na duka nani atalifungua?

Basi tuanze na hiyo arobaini, kwa sababu wengi wetu tunaichanganya. Kuna arobaini ya fiqhi na kuna arobaini ya nyumba. Ya fiqhi ni nifasi. Imepokewa kwa Bibi Ummu Salama (r.a.) kwamba wanawake wenye nifasi zama za Mtume (S.A.W.) walikuwa wakikaa siku arobaini. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi hapa kwetu, arobaini ni kawaida na upeo ni sitini, na aliyetwaharika mapema huoga akasali, hangoji hesabu itimie. Lakini hiyo ni hesabu ya sala na saumu. Haisemi usivuke kizingiti. Arobaini ya nyumba, ile ya kukandwa kwa maji ya moto, kufungwa mkaja, kula vizuri na kutogusa ndoo, ni desturi, na ni desturi yenye hekima.

Na ukitazama Madina ya mwanzo, watoto wachanga hawakuwa wamefichwa. Bibi Asmaa binti Abubakar (r.a.) alihama akiwa na mimba pevu, akajifungulia Quba, akampeleka mwanawe Abdullah kwa Mtume, naye akamtafunia tende akamtia kinywani. Huyo ndiye mtoto wa kwanza wa Muhajirina kuzaliwa Madina baada ya Hijra. Ummu Qays binti Mihsan (r.a.) alimpeleka mwanawe ambaye hajaanza kula chakula, Mtume akampakata, mtoto akamkojolea nguo. Akaagiza maji akanyunyizia, basi. Na Mtume alikuwa akisikia kilio cha mtoto nyuma ya safu huifupisha sala kwa kumhurumia mama. Yaani mama na mtoto wamo msikitini, tena mtoto analia. Hili tunalisema kwa upole, maana tunajua leo mtoto akilia mahali pa watu mama huangaliwa jicho gani.

Turudi Unguja. Tunaye mwanamke mmoja aliyeandika juu ya maisha ya ndani ya nyumba za wakubwa hapa, Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni. Aliondoka Zanzibar mwaka 1866, na kumbukumbu zake zikachapishwa Ujerumani mwaka 1886. Humo anasimulia uzazi, kufungwa kwa mtoto nguo na kuhesabiwa siku arobaini. Anasimulia pia namna mabibi walivyotembeleana: usiku, taa zimebebwa mbele, watumishi kushoto na kulia. Mchana bibi wa heshima hakuonekana njiani. Hata pale baharini, majumba ya mfalme yaliunganishwa kwa madaraja ya juu yaliyozibwa, mabibi wapite kutoka nyumba hadi nyumba bila kuteremka chini. Bibi akilazimika kutoka, palikuwa na shiraa, kitambaa kikubwa kama hema kilichobebwa na watu kumzunguka, yeye anatembea katikati.

Hapo mkono wa fundi unauliza: na mtoto alibebwa na nani? Si na yeye. Alibebwa na mwanamke mwingine, mtumwa, naye hakuwa ndani ya shiraa. Huyo alivaa kaniki au merikani, kichwa wazi, maana kujifunika kulikuwa alama ya waungwana na yeye hakuruhusiwa. Huyu ndiye aliyeujua mji. Alikwenda sokoni, kisimani, pwani, mtoto wa mwenyewe mgongoni au mtoto wa bibi mkononi. Tunapozungumza arobaini ya mabibi zetu, tukumbuke kwamba kila aliyekaa ndani siku arobaini alikuwapo mwengine aliyekuwa akichota maji kwa niaba yake, na tusidhani huyo mwengine naye alipata wa kumkanda.

Utumwa ulipigwa marufuku kisheria hapa mwaka 1897, na miaka iliyofuata nguo ndizo zilizoonyesha mabadiliko kabla ya kitu chengine chochote. Wanawake walioachwa huru walizitupa kaniki wakanunua kanga. Kanga yenyewe ilikuwa bado mpya. Ilizaliwa kutokana na leso za mraba zilizoungwa pamoja, kisha zikaanza kuchapwa nzima, na Mombasa tangu 1887 kuna duka la Kaderdina ambalo jina lake mpaka leo limo katika pindo za kanga. Maandishi ya mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mafundi tunaijua kanga kwa sehemu zake: pindo, jina na mji. Mji ndiyo pale katikati. Na mji pia ni huu tunaokwenda kununua lasi, na mji vilevile ni pale mtoto anapokaa miezi tisa tumboni. Lugha yetu haina haraka.

Kilichofungua njia hasa, kwa maoni yetu, ni buibui. Lilienea hapa miongo ya mwanzo ya karne ya ishirini. Tumewahi kulifungua moja la zamani, la kamba, tukalitandaza juu ya meza ya kukatia. Ni kitambaa kipana cheusi kilichoshonwa kama mfuko mkubwa, kina kamba ya kufunga kichwani na mtandio wa kushusha usoni. Hakuna kipimo cha kiuno wala cha bega. Shiraa ilitaka watu wa kuibeba, kwa hivyo ilikuwa ya tajiri. Buibui linabebwa na mwenyewe. Bibi wa Shangani na mwanamke wa Ng'ambo ambaye nyanya yake aliuzwa wakapita njia moja, mchana, na hujui nani ni nani. Na kwa mama mwenye mtoto, angalia maajabu ya ule upana: mtoto anakaa ndani, ananyonya ndani, analala ndani, mama anatembea. Sisi leo tunashona abaya zenye zipu ya kunyonyeshea kifuani na tunajiona wajanja. Wale waliokuwa wakivaa buibui la kamba hawakuhitaji zipu.

Wakaenda wapi sasa? Sikukuu, kwanza. Mnazi Mmoja siku za Idi palijaa wanawake na watoto, nguo mpya, kanga za toleo jipya. Daraja la Darajani, pale ambapo zamani mkono wa bahari ulitenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, lilivukwa kwa pande zote mbili. Soko la Darajani lilijengwa mwaka 1904. Kwa muda pakawepo na treni ya Bububu, iliyoanza 1905 na kufa miaka ya ishirini. Reli zilipita karibu na Ngome, na kituo chake cha mwisho kilikuwa mashamba, kama maili saba tu.

Bustani ya Forodhani, ambayo sote tunaijua kwa mishikaki na juisi ya miwa, ilitengenezwa kuwa bustani miaka ya thelathini kuadhimisha miaka ishirini na tano ya Sultan Khalifa bin Harub, ndiyo maana wazee wetu wengine waliiita Bustani ya Jubilii. Kabla ya hapo palikuwa ni mahali pa bandari na ushuru, na jina la forodha likabaki. Pembeni yake, Ngome Kongwe, baada ya ukarabati wa mwaka 1949 ua wake ukawa klabu ya wanawake, na tenisi ikichezwa humo, kuta zimezunguka pande zote hakuna mwanamme wa kuchungulia. Mpaka leo tukipita pale tukaona jukwaa na maduka ya picha huwa tunajaribu kuwaona mabibi na raketi zao. Ikaisha baada ya Mapinduzi ya 1964. Na senema nazo zilikuwa na maonyesho ya wanawake watupu. Mama mmoja mteja wetu, mtu mzima, hutusimulia kwa kicheko: filamu ya Kihindi imefika pa kulia, watoto wote ukumbini nao wanalia, hakuna anayeambiwa nyamaza kwa sababu mama zao wote wanalia pia.

Ukizitazama sehemu hizo, Ngome, senema, Mnazi Mmoja wakati wa Idi, zote zina kitu kimoja: mwanamke alikuta wanawake wenzake. Mtoto akichafuka kuna mikono kumi. Hilo ndilo tunaloliona limepungua leo, ingawa ruhusa ya kutoka imeongezeka.

Sasa likizo. Neno hili kwa bibi zetu halikuwepo. Lilikuja na ajira. Mwaka 1919, katika mkutano wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani kule Washington, nchi zilikubaliana juu ya mwanamke mfanyakazi: wiki sita kabla ya kujifungua anaruhusiwa kuacha kazi, wiki sita baada ya kujifungua haruhusiwi kabisa kufanyishwa kazi, na akirudi apewe nusu saa mara mbili kwa siku ya kunyonyesha. Wiki sita ni siku arobaini na mbili. Tuliposoma hapo tulimwita mkwe wetu tukamwambia, "Mama, Wazungu nao walihesabu arobaini, wakazidisha mbili." Alicheka. Hiyo ilikuwa ni mara ya kwanza kucheka juu ya jambo lile.

Kwetu Zanzibar, Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005 inampa mwanamke aliyeajiriwa siku 90 za likizo ya uzazi kwa malipo, na 100 akizaa zaidi ya mmoja. Tanzania Bara, sheria ya 2004 inatoa siku 84, na 100 kwa pacha. Mashoga zetu walimu na wauguzi wanazijua siku hizi kwa vidole. Wao ndio tunaowaona Forodhani baada ya Alasiri na watoto wa miezi miwili, wametulia, wananunua urojo, wanapeana habari za chanjo. Arobaini imekwisha, bado wana siku hamsini za kulipwa, na ndizo siku hizo mama wa mjini anapotoka na mtoto kwa raha yake. Ni jambo jipya katika historia yetu. Bibi zao ama walikaa ndani, ama walitoka kwa sababu ya kazi. Kutoka ili mtoto aone bahari na mama apate hewa, tena mshahara unaingia, hilo halikuwahi kuwa la watu wa kawaida.

Lakini ile sheria inamgusa aliyeajiriwa. Fundi cherehani, muuza vitumbua, mkulima wa mwani kule Paje na Jambiani, msusi, mpaka hina, sisi hatuna mwajiri wa kutupa siku 90. Likizo yetu ni akiba yetu na watu wetu. Mtoto akiwa na wiki saba tulikwenda ofisi moja, hatuitaji, kushughulikia karatasi za biashara. Foleni ilikuwa ndefu, viti vimekwisha. Mtoto akalia. Mlinzi akatwambia mtoto haruhusiwi ndani, tumwache nje. Tumwache nje na nani? Tulisimama kwenye jua, tumemkinga kwa ncha ya mtandio, mpaka bibi mmoja aliyekuwa akiuza ubuyu ng'ambo ya njia akaja akamchukua bila kuuliza jina, akaketi naye kivulini. Tulimaliza karatasi zetu. Tulipomrudia mtoto alikuwa amelala, amefungwa mgongoni kwa kanga ya yule bibi, naye anaendelea kuuza.

Usiku ule tulimsimulia mkwe wetu. Ndipo akasema jambo ambalo hajawahi kulisema. Yeye ni wa Pemba. Mtoto wake wa tatu alizaliwa msimu wa karafuu, na karafuu haingoji. Ikichanua imepoteza bei. Siku ya ishirini alikuwa ameketi chini ya mkarafuu anachambua vikonyo, mtoto ametandikiwa kanga pembeni. "Hakuna aliyeninunia," akasema. "Hakukuwa na mtu wa kuninunia. Mama yangu ameshakufa. Mgongo huu unaouma mpaka leo ni wa msimu ule." Kumbe siku tatu zile hakuwa akituadhibu. Alikuwa anatulinda na kile kilichompata, na hakujua namna nyengine ya kukisema.

Basi tumekubaliana mambo, sisi na yeye. Mtoto mwengine akija, inshaAllah, hatupokei nguo ya harusi yoyote kuanzia mwezi wa nane wa mimba, na katika kila nguo tunayoshona sasa tunaweka kando kidogo, kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, limeandikwa "Mkaja". Baada ya arobaini yeye mwenyewe atatusindikiza mjini. Forodhani anaijua vizuri. Anasema tangu ilipotengenezwa upya mwaka 2009 majani ni mazuri ila viti vya mawe ni vya moto mpaka jua lishuke, kwa hivyo twende baada ya Alasiri, na tusipeleke kile kigari cha magurudumu, maana vichochoro vya Mji Mkongwe na mabaraza yake vilijengwa kabla mtu yeyote hajafikiria kigari. Mtoto abebwe.

Yule binti wa nikaha amekuja jana kupima mara ya mwisho. Nguo imemkaa. Kabla ya kuondoka akatoa kwenye mkoba doti ya kanga, mpya, bado ina gamu. Amemwambia mchumba wake kwamba pesa ya mbeleko apeleke kama ilivyokubaliwa, lakini juu yake aongeze na mbeleko yenyewe, kanga ya kweli, ampe mama yake mkononi. Akatuuliza tunachukua kiasi gani kukata doti na kupinda ncha. Tulikata na kupinda palepale anasubiri, mshono mara mbili ili isifumuke, na pesa hatukuchukua.